Kupata kiwanja cha RV cha kukaa mwezi mmoja au miwili Marekani: mwongozo kamili

Mkataba wangu wa kwanza wa uuguzi wa kusafiri, ule wa kuhama hospitali hadi hospitali kwa mikataba mifupi, ulikuwa wa wiki 8, katika mji mdogo wa Texas ambao sikuwahi kuusikia. Wakala alitaka jibu siku ileile. Kazi ipo, malipo yapo, mahali pa kuweka trela langu la kuishi hamna. Kila tovuti ya kiwanja cha kuegesha RV niliyofungua iliniambia pamejaa, au ilinipa bei ya usiku mmoja ambayo ukiizidisha kwa siku 56, mshahara wote unaishia kwenye maegesho. Kesho yake asubuhi nikapiga simu kwenye mojawapo ya viwanja hivyo vilivyojaa. Mama aliyepokea aliniuliza swali moja tu: "Unakaa muda gani?" Nikamwambia miezi miwili. Akasema, "Basi subiri nichungulie daftari." Nafasi ilikuwepo.

Hilo daftari ndilo ninalotaka ulishike kuliko kitu kingine chochote humu. Viwanja vingi vya watu binafsi vinagawanya nafasi zao mafungu mawili: za wapitaji wa usiku mmoja au wiki, na za wakaaji wa mwezi. Kalenda ya mtandaoni inaonyesha fungu la kwanza. Fungu la pili liko kwenye daftari, ubao wa ofisini au kichwani mwa meneja, na mlango wake ni simu. Viwanja vidogo vya familia, ambavyo mara nyingi ndivyo vyenye bei nafuu, havina kalenda ya mtandaoni kabisa.

Naandika kwa ajili ya wenzangu tunaobeba boksi huku kwa kuhamahama: manesi na wasaidizi wa manesi (CNA) wa mikataba, mafundi wa nyaya na mitambo, wanaofuata miradi ya ujenzi, na wazee wetu waliostaafu wanaotaka kuukimbia msimu wa theluji. RV ninayoizungumzia ni gari au trela la kuishi, lenye kitanda, jiko, choo na bafu. Langu ni trela la futi 28 linalovutwa na pikapu.

Kwa nini kiwanja cha binafsi

Hifadhi za serikali ni nzuri na bei zake ni za chini, lakini hazikufai kwa mkataba wa kazi. Misitu ya taifa, ardhi za umma za magharibi na hifadhi nyingi za majimbo zina ukomo wa siku 14, kisha unatakiwa uondoke. Kuna maeneo machache jangwani, Arizona na California, ambako ardhi ya umma imetengwa kwa wakaaji wa muda mrefu kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili. Kule karibu na Quartzsite unaweza kukaa msimu mzima kwa kibali kimoja, ila nafasi yako haina umeme wala bomba la maji. Kwa mstaafu mwenye sola ni sawa. Kwa mtu anayetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi na anahitaji kiyoyozi ili alale mchana, hapana.

Viwanja vya binafsi navyo si vya aina moja. Vile vyenye majina makubwa, kama KOA, vinaishi kwa wapitaji. Bei ya mwezi hupatikana zaidi msimu ukiwa umepoa, kwa hiyo usivifute kwenye orodha yako. Kuna viwanja vya wafanyakazi, vilivyoota karibu na visima vya mafuta, mitambo ya umeme na hospitali za mikoani. Havina bwawa la kuogelea, lakini wenyewe wanajua maana ya zamu ya usiku. Kuna viwanja vya nyumba za trela, zile zisizohama, ambavyo pembeni huwa na nafasi tano au kumi za RV. Hivi ndivyo watu wengi wanavisahau. Havitajwi kwenye programu za kambi, na mimi vimeniokoa mara mbili.

Halafu kuna viwanja vya watu wa miaka 55 na kuendelea. Wengi wetu tukiona maandishi hayo tunafunga ukurasa. Usifunge kwanza. Sheria ya shirikisho inayoviruhusu viwabague wakaaji kwa umri inadai kwamba angalau asilimia 80 ya makazi yenye watu yawe na mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi. Hiyo asilimia 20 inayobaki iko mikononi mwa mwenye kiwanja. Wengine wanakataa kabisa, wengine, hasa wakati wa kiangazi nafasi zikiwa tupu, wanampokea nesi wa miaka 38 anayefanya kazi hospitali ya jirani. Kuuliza ni bure.

Na usisahau viwanja vya maonyesho vya kaunti. Fikiria viwanja vyetu vya Nane Nane: wiki moja vimejaa mifugo na matrekta, mwaka uliobaki vimetulia. Huku vingi vyake vina nguzo za umeme na maji, na baadhi hupangisha kwa mwezi nje ya msimu wa maonyesho.

Angalia kalenda kabla ya ramani

Kabla hujakubali mkataba, jiulize nani mwingine anaelekea huko mwezi huo. Kuanzia Novemba hadi Machi, wastaafu wa kaskazini na wa Kanada wanashuka Arizona, Florida na Bonde la Rio Grande kusini mwa Texas. Wengi wanarudi nafasi ileile kila mwaka na wanaishika mapema kabla hawajaondoka. Ukipata kazi McAllen au Yuma mwezi Januari, tafuta nafasi siku unayopewa ofa, si siku unayosaini. Julai mambo ni kinyume: joto linaweza kupita nyuzi 40, viwanja vinabaki vitupu na meneja anakusikiliza kwa makini ukizungumzia bei.

Kaskazini shida ni nyingine. Viwanja vingi hufunga maji na kufunga geti kuanzia Oktoba hadi Aprili au Mei kwa sababu mabomba yanaganda. Kama mkataba wako unaanza Septemba na kuishia Novemba, uliza tarehe ya kufunga kabla ya kuuliza bei.

Kuna pia matukio yanayomeza mji mzima. Tucson hujaa kwa maonyesho ya vito kati ya mwisho wa Januari na Februari, Sturgis ya South Dakota kwa pikipiki mwezi Agosti, Albuquerque kwa maputo mwezi Oktoba. Oktoba hiyohiyo, kwenye Bonde la Mto Red, mpakani mwa North Dakota na Minnesota, wavunaji wa viazisukari wanachukua kila nafasi iliyopo. Na kimbunga kikipiga pwani ya Ghuba ya Mexico, mafundi wa umeme na wajenzi wanajaza viwanja hadi mwendo wa saa kadhaa kutoka pwani.

Kutafuta: picha ya setilaiti haidanganyi

Chora duara la dakika 30 za kuendesha kutoka kazini. Baada ya zamu ya saa 12 mfululizo, dakika 45 ni hatari. Kisha fungua Google Maps na utafute mara mbili: kwanza RV park, halafu mobile home park, yaani vile viwanja vya nyumba za trela. Linganisha na programu za kutafutia viwanja, yaani Campendium, The Dyrt na RV LIFE, na uulize kwenye makundi ya manesi wa kusafiri kwenye Facebook. Orodha ya majina sita au nane inatosha.

Sasa badili ramani iwe picha ya setilaiti, ukisogelee kiwanja hadi uone paa moja moja. Ukiona vibanda vidogo vya kuhifadhia vitu, ngazi za mbao, vyungu vya maua na magari mawili kwenye kila nafasi, hapo wanakaa watu wa mwezi, na bei ya mwezi ipo hata kama tovuti haisemi. Ukiona mistari mitupu ya lami yenye trela hapa na pale, hicho ni cha wapitaji. Angalia miti: kivuli kinapunguza bili ya kiyoyozi, lakini matawi ya chini yanachana paa.

Kisha tafuta reli. Ifuate kwa kidole mpaka pale inapokatana na barabara ya umma. Kanuni za shirikisho zinamtaka dereva wa treni apige honi sekunde 15 hadi 20 kabla ya kufika kwenye makutano hayo: mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu. Inalia saa nane usiku kama inavyolia saa nane mchana, isipokuwa pale mji ulipoomba eneo la ukimya. Reli iliyo mbali kidogo bila makutano unaizoea. Makutano yaliyo mita 200 kutoka kitandani huyazoei. Wiki ya pili unaanza kukosea kuandika chati za wagonjwa.

Maoni ya wateja yasome kuanzia ya karibuni, na ujue anayeandika ni nani. Aliyelala usiku mmoja atalalamikia bwawa la kuogelea. Wewe tafuta maneno ya aliyekaa miezi: maji kukatika, umeme kushuka, meneja kubadilika, vitu kuibiwa.

Simu

Wengi wetu tunaikwepa simu kwa sababu ya lafudhi, tunatuma barua pepe. Barua pepe inakaa wiki bila kujibiwa. Piga. Siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kabla wapitaji wa leo hawajaanza kuondoka na wengine kuingia. Andika haya kwenye karatasi mbele yako: urefu wa trela pamoja na shingo yake ya kufungia, mwaka lilipotengenezwa, umeme wake ni wa ampea 30 au 50, idadi ya watu, mnyama kama unaye, tarehe ya kuingia na ya kutoka.

Anza na kazi, usianze na bei. Mimi husema: "Habari za asubuhi. Mimi ni nesi, nimepata mkataba wa wiki 8 hospitali ya hapo mjini kuanzia tarehe 3. Nina trela la futi 28, la mwaka 2019, niko peke yangu, sina mbwa. Unayo nafasi ya mwezi?" Sentensi hizo zimekwisha kujibu maswali ambayo meneja alikuwa anajiuliza kimoyomoyo: huyu atalipa? ataondoka? trela lake bovu? Baada ya hapo mazungumzo huwa mepesi.

Mwaka wa trela unatajwa kwa makusudi. Viwanja vingi vina kanuni ya miaka 10: RV iliyozidi hapo haipokelewi. Kama lako ni la zamani lakini safi, omba kutuma picha nne, za pande zote, leo hii. Kanuni hiyo ni ya mwenye kiwanja, si sheria ya nchi, na wengi huilegeza wakiona paa zima na rangi isiyobabuka.

Akisema hakuna nafasi, usikate simu. Uliza mambo mawili: kama kuna orodha ya kusubiri, na wapi yeye angemwelekeza nesi. Wameneja wa mji mmoja wanajuana. Nafasi yangu ya bei nzuri kuliko zote niliipata hivyo.

Akisema ipo, uliza bei ya mwezi inajumuisha nini. Umeme umo au una mita? Yuniti moja ni senti ngapi? Amana kiasi gani na inarudi lini? Kuna malipo ya kuchunguza historia yako? Mwezi wao ni siku 28, 30, au tarehe kwa tarehe? Barua zinapokelewa? Na swali ambalo nesi wa mkataba hawezi kuliacha: hospitali ikivunja mkataba wiki ya tatu, pesa ya siku zilizobaki inarudi? Jibu la swali hilo liombe kwa maandishi, hata ujumbe mfupi wa simu unatosha.

Hesabu ya mwezi na nusu inawachanganya wengi. Tuseme bei ni dola 50 kwa usiku, 300 kwa wiki na 700 kwa mwezi. Wiki sita, yaani mwezi na wiki mbili za ziada, ni karibu dola 1,300. Miezi miwili mizima ni 1,400. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba ni afadhali uchukue miezi miwili, usije ukahangaika mkataba ukiongezwa. Omba pia wakukatie nusu mwezi kwa bei ya mwezi; nje ya msimu wengi wanakubali.

Kodi ya malazi, ile ya serikali, inategemea jimbo. Sehemu nyingi huiondoa ukizidisha siku 30. Florida inaendelea kuitoza makazi ya miezi sita au pungufu. California, anayepita siku 30 mfululizo anakuwa mpangaji mwenye haki zaidi kisheria, ndiyo maana utakuta viwanja vya huko vinavyokuwekea ukomo wa siku 28 au 29. Ukisikia ukomo wa namna hiyo, uliza mapema baada ya hapo unakwenda wapi.

Usimtumie pesa mtu uliyemwona kwenye tangazo la mtandaoni tu. Piga namba iliyo kwenye ramani, lipa ofisini au kwa kadi, na upewe risiti yenye namba ya nafasi yako.

Umeme, pale pesa inapovujia

Nyumbani tumezoea LUKU: unanunua yuniti, zikiisha unaona giza. Huku mita inahesabu kimyakimya na bili inakuja mwisho wa mwezi. Hita moja ndogo ya wati 1,500 ikiwaka mchana na usiku inakula yuniti 36 kwa siku. Kwa senti 15 kwa yuniti, hiyo ni dola 5.40 kwa siku, dola 162 kwa mwezi, na hujawasha jiko wala friji. Kwa hiyo kiwanja cha dola 600 chenye mita kinaweza kukugharimu zaidi ya cha dola 700 ambacho umeme umo. Hesabu kulingana na msimu utakaokaa.

Ampea 30 zinakupa wati 3,600: kiyoyozi kimoja na kitu kingine kidogo. Ukiwasha maikrowevu juu yake, swichi inajikata. Ampea 50 ni laini mbili, jumla wati 12,000. Usidhani tofauti ni ndogo kwa sababu ya 30 na 50. Ni zaidi ya mara tatu.

Nunua kikinga umeme cha RV, kile kinachopima nyaya na kukata volti zikishuka sana. Vingi hukata chini ya 104. Ni ndugu wa friji gadi tuliyoizoea. Jioni ya Agosti, kila mtu akiwasha kiyoyozi kwenye kiwanja chenye nyaya za zamani, volti 120 hushuka, na kompresa inaungua bila moshi wala kelele.

Siku ya kuingia, kabla hujachomeka, ipige picha mita. Namba zote zionekane, na namba ya nafasi kwenye nguzo ionekane pia. Kiwanja kimoja kiliwahi kuniletea bili ya yuniti 1,140 kwa mwezi ambao nusu yake nilikuwa zamu. Walikuwa wameanza kuhesabu kutoka kwenye usomaji wa aliyenitangulia. Nilifungua simu, nikawaonyesha picha yenye tarehe, ikaisha palepale. Bila picha ile ningelipa.

Siku ya kuingia

Fika mchana. Kabla hujaachanisha trela na pikapu, shuka na ukague: chomeka kikinga umeme peke yake usome volti, fungua maji uone kama yana kutu, angalia kama bomba la maji taka limekaa chini kuliko trela lako. Likiwa juu, utahangaika miezi miwili, omba nafasi nyingine sasa hivi. Mpira wa maji uanze na kipunguza presha, kwa sababu presha ya viwanja vingine inapasua mabomba ya ndani.

Kosa la wageni wote ni kuacha koki ya tangi la choo wazi kwa kuwa bomba limeunganishwa muda wote. Maji yanakimbia, kinyesi kinabaki, kinajenga kichuguu chini ya choo, kinakauka. Ifunge. Tangi likifika theluthi mbili, fungua hiyo kwanza, liishe, ndipo ufungue la maji ya bafu na jikoni, ili hayo maji ya sabuni yasafishe mpira wa maji taka. La bafu unaweza kuliacha wazi siku za katikati, ila lifunge siku moja kabla ya kumwaga.

Baridi ikitabiriwa kushuka chini ya nyuzi sifuri, jaza tangi la ndani, kisha uchomoe mpira wa nje, uumwage maji na kuuhifadhi. Kama utakaa kwenye baridi mwezi mzima, nunua mpira wenye waya wa kupasha joto.

Barua, kodi na kuondoka

Kiwanja kisipopokea barua, posta nyingi zina huduma ya General Delivery: barua inaandikwa jina lako, maneno hayo General Delivery, mji, jimbo na namba ya posta (ZIP), wanaitunza hadi siku 30, unaichukua kwa kitambulisho.

Kwa wenye mikataba: posho ya makazi isiyotozwa kodi inategemea uwe na makazi ya kudumu unayoendelea kuyagharamia kwingine, na kazi ya mahali pamoja isitarajiwe kuzidi mwaka mmoja. Kama trela ndiyo nyumba yako pekee, mamlaka ya kodi inakuona huna makazi ya kikodi, na posho hiyo inatozwa. Tunza risiti za kila kiwanja na umwone mhasibu anayewajua manesi wa kusafiri kabla ya Aprili.

Wiki tatu kabla ya mkataba kuisha, nenda ofisini mwenyewe na umwambie meneja unaongeza au unaondoka. Viwanja vingi vinadai taarifa ya maandishi. Ukiongeza, chukua risiti mpya siku hiyohiyo, maana kwenye daftari lile mwezi wako unaofuata unaweza kuwa umeshaandikwa jina la mtu mwingine. Ukiondoka, piga tena picha ya mita, piga picha ya nafasi ikiwa tupu na safi, na umwachie anwani ya kutuma amana.